Jibu la Mwanaidi

Tunu, mtafiti wa maoni ya wapiga kura, aliweka picha za wagombea wawili mbele ya Mwanaidi, aliyekuwa akikanda unga wa chapati.

"Kama kura zingepigwa leo, dada, ungemchagua nani?"

Mlangoni aliketi shemeji yake Mwanaidi, mpiga debe wa diwani, mmoja wa wagombea hao, akisikiliza.

"Diwani wetu," Mwanaidi alijibu kwa sauti. Lakini kidole chake kilikuwa kimekandamiza picha ya mpinzani, na macho yake yalimsihi Tunu anyamaze.

"Ahsante," Tunu alisema.

Shemeji akainuka. "Hebu nizione hizo picha."

Tunu aliziokota, akampa mgongo. Unga wa kidole cha Mwanaidi ulikuwa umeganda pichani, kwenye shavu la mpinzani. Aliupangusa kwa kiganja, akaupangusa tena, huku mkono wa shemeji ukinyooshwa juu ya bega lake kuzichukua.