Karamu ya Kuaga Mihogo

Bi Ngiri alinenepa hadi shimo lake likamkataa. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, basi makalio yalipita, mabega yakakwama, na kichwa kikabaki nje kikitazamana na Fisi.

"Jumatatu naanza upya," alimwambia jirani yake Nguchiro. "Majani na matembezi, basi. Ila Jumapili njoo tuiage mihogo."

Alikwisha kuiaga mihogo mara sita, na kila karamu ilimwachia tumbo jipya.

"Nitakuja, shoga yangu," akasema Nguchiro, "lakini safari hii alika kama ada inavyotaka. Mlango kwa mlango, kwa miguu yako mwenyewe. Mambo ya kututumia ndege tumeyachoka."

Bi Ngiri akashika njia. Pundamilia alikaa ng'ambo ya mto, Nungunungu juu ya kilima, na kila aliyealikwa alimtajia mwingine ambaye angenuna akisahauliwa. Kote alikaribishwa maji na matango pori. Jumapili sita zikapita, bado anaalika.

Siku aliyomaliza, Fisi akamtokea. Bi Ngiri akatimua mbio, akageuka mlangoni, akarudi kinyumenyume, na puu! akajikuta chini kabisa shimoni, huku Fisi akipangusa vumbi machoni. Bi Ngiri alicheka hadi udongo ukamwangukia.

Kesho yake, Jumapili, wageni wakafurika. Pundamilia akaangalia sinia za matango, asione hata muhogo mmoja.

"Kwani leo tunaaga nini?"

"Jumatatu," akajibu Bi Ngiri.