Zamu Moja ni Muda Gani

Shaame alijitapa kwamba yeye akiwa mungu hana huruma na mtu. Umungu wenyewe ulikuwa wa mchezo wa kompyuta aliokuwa akiutengeneza peke yake. Ilibaki kuamua kila zamu ipitishe muda gani mchezoni. Aliweka miaka kumi, akabofya, na bibi wa mchezoni aliyekuwa akifagia uani akageuka kaburi. Akamrudisha haraka. Akajaribu mwaka, kisha mwezi. Mwishowe akaandika: dakika moja. Bibi akainua kichwa.

"Shikamoo, mama," Shaame akanong'ona.

"Na kanga ya marehemu mama umemvalisha," alisema mdogo wake Mwanakheri, amesimama mlangoni na bakuli la uji. "Sasa huo mchezo utaisha lini, kaka?"

Shaame akabofya tena, na bibi akainama kufagia palepale.