Kona ya Ngazi

Dari lile lilikuwa la popo na njiwa miaka arobaini, hata mji ulipofurika watu na baraza likaamua ligeuzwe nyumba. Fundi Makame ndiye aliyetandika mbao, akatoboa paa mwanga uingie, akajenga ngazi. Ujira wake ulikuwa chumba kimojawapo. Vyumba vilipokamilika alimpandisha mkewe, Bi Saade, mgongoni, maana miguu yake haikumchukua tena.

Alimlaza chini ya dirisha la paani. Bi Saade aliyatazama mawingu kwa muda mrefu.

"Pazuri, Baba Shani," alisema. "Na jeneza litapita wapi?"

Makame alishuka hadi kwenye kona ya ngazi, akavuta futikamba. Jeneza la msikiti alilichonga mwenyewe; vipimo vyake alivijua kwa ghibu. Alipima, akapima tena kwa mshazari. Ngazi hii aliijenga kwa kumfikiria mtu na ndoo yake ya maji, basi. Na ukuta uliobana kona ndio uliobeba paa.

Alirudi juu. "Nitakushusha mgongoni, kama nilivyokupandisha."

"Maiti habebwi mgongoni, mume wangu."

Kelele zilisikika ngazini. Wapangaji wapya walikuwa wakipandisha godoro, nalo limekwama konani.

"Likunjeni tu," mmoja alisema, akicheka.

Bi Saade alifumba macho. Godoro likakunjwa, likapita.