Jino la Simba Jike

Watu walijaa juu ya ukuta wa bustani ya wanyama kama wamealikwa harusini, wengine na karanga zao. Simba jike, aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, alikuwa hajala siku tisa kwa sababu ya jino bovu, na Daktari Saumu alizoea meno ya binadamu tu.

"Dada, likibaki hilo, tutamzika," Kibwana, mlezi wa simba, alimwambia.

Saumu akavuta, akavuta tena. Jino likatoka, refu kama kidole! Vigelegele! Kwa mazoea akampapasa mgonjwa shavu. "Pole, mama. Sasa tema mate."

"Wee daktari, toka! Anaamka!" Kibwana akapaza sauti.

Mlango wa kizimba ulipofungwa nyuma ya Saumu, simba akalamba pengo, akainusa nyama aliyowekewa. Saumu akajikuta amefungua kinywa chake mwenyewe, kama mama anayemlisha mtoto.