Tundu la Chungu Cheusi

Bi Namkunda alikuwa wa kwanza kutoka ukoo wa wafinyanzi kukabidhiwa jumba la makumbusho, na siku hiyo ya kwanza hakuanzia ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwenye chungu cheusi kilichofukuliwa makaburini, akakipindua, akapapasa kitako chake.

"Nani aliziba hapa?"

"Mimi, mama," akajibu Semboja, fundi wa kukarabati vitu vya kale. "Kililetwa kimetoboka. Nilihangaika nacho wiki mbili." Bado alijivunia kazi ile. Plasta yake haikuonekana hata kwa karibu.

"Mkono wako ni mzuri. Ila kwetu mama akifa, binti yake hukitoboa chungu chake, asije mwingine akapikia humo. Kinakwenda naye kaburini."

Semboja akagusa kiraka chake. "Na kikipasuka tukikizibua?"

"Kitakuwa kimepasukia mikononi mwetu."

Bi Namkunda akachukua msumari, akaanza kukwangua taratibu, kama alivyowahi kufanya mara moja tu maishani, kwenye chungu cha mama yake. Unga mweupe ukamwagika mapajani. Semboja akatoka. Aliporudi alikuwa amekumbatia vyungu vingine viwili kutoka kabatini, akaviweka mezani kifudifudi, kila kimoja na kiraka chake juu.

Bi Namkunda akainua kile cheusi dirishani, tundu likiwa wazi. Jua likapenya tunduni, likadondosha mezani doa dogo kama punje ya kunde. Mkono wa Semboja ulikuwa pale pale. Akauondoa polepole, akaupisha mwanga.