Jike wa Gamba la Konokono

Eda ya Salhina iliisha Ijumaa. Jumamosi asubuhi shemeji yake, Mbaruku, alimpeleka kwa muuza samaki wa mapambo.

"Ukihamia chumba cha uani utakuwa mpweke, shemeji. Chagua samaki wa kukuliwaza." Nyumba ya marehemu alikwisha kuitafutia mpangaji, bila hata kumuuliza mjane.

Salhina aliinama mbele ya tangi dogo la kioo lenye mchanga na magamba ya konokono. Humo mliishi visamaki wa jamii ya sato, wadogo kama kidole, kila mmoja na gamba lake.

"Hao wakorofi, mama," muuzaji alionya. Akatumbukiza mkono asogeze gamba moja. Jike akachomoka, akamng'ata kidole, kisha akarudi mlangoni pa gamba na kuanza kutema mchanga. "Umeona? Niliwahi kumtilia wakubwa humu, wakashindwa kumtoa."

"Chukua wale wekundu, wapole," Mbaruku alisema.

"Namtaka huyu. Na gamba lake, na tangi lake."

Walipofika nyumbani, Mbaruku alilibeba tangi akaelekea uani.

"Unakwenda wapi, shemeji?" Salhina alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba kubwa, mikono kiunoni, ameujaza mlango wote. "Huyo anakaa sebuleni. Na mimi nakaa hapa hapa."

Mbaruku alibaki katikati ya ua, tangi mikononi. Ndani ya kioo, jike alikuwa amemgeukia, anamtemea mchanga.