Upande wa Kushoto

Mzee Mbarawa alisimama mlangoni mwa banda na brashi aliyowasugulia farasi miaka ishirini na sita. Meneja alitaka aikabidhi kwa Tunu, binti aliyemaliza juzi tu chuo cha utunzaji wa farasi.

"Kuanzia leo yeye ndiye mkuu wa banda. Wewe utazoa samadi."

"Mavi hayataki cheti, siyo?"

"Wakubwa wameamua, mzee wangu."

Wakubwa! Tangu mkewe afariki, aliyebaki kumtambua kwa vishindo vya miguu yake ni yule farasi jike mweupe. Sasa naye anapewa mtu.

"Shikamoo, babu." Tunu akapokea brashi kwa mikono miwili. "Chuoni tumefundishwa kumwendea farasi kwa kushoto."

"Marahaba. Kama chuo kimesema, nani mimi?"

Jicho la kushoto la yule jike lilikuwa limepofuka tangu masika. Mzee aliwaficha wakubwa jambo hilo, wasije wakamuuza.

Tunu akaingia, akapita kushoto, akanyoosha mkono. Jike akashtuka, akainua mguu wa nyuma. Midomo ya mzee ilikuwa imeshakunjwa kwa mbinja anayomtulizia siku zote, na pumzi bado iko kifuani.